Mlango wa Walii Haumjui Mwongo

“Muuza Mbao ni nani?”

Mume wangu aligutuka, shati likiwa bado kichwani.

“Muuza mbao ni muuza mbao.”

“Wewe unachomelea mageti ya chuma. Mbao za nini?”

“Mke wangu, asubuhi yote hii?”

Nikamsomea ujumbe kwenye simu yake: *Leo baada ya alasiri nitakuwa peke yangu. Usisahau marashi.*

Akaninyang’anya simu, akatoka. Hata chai hakuigusa.

Mwezi mzima mashati yake ya Alhamisi yalikuwa yananukia udi badala ya moshi wa chuma. Nikajua nina mwenzangu. Miaka sita ya ndoa hatujapata mtoto, na mama mkwe hakuwa ananificha. “Mti wa kivuli tu, tunda hauna,” alisema mbele ya wageni, mimi nikiwamiminia chai. Jumamosi ile alipanga kwenda kumposea mwanawe mke wa pili. Mume wangu alisikia yote, akatazama sakafu.

Basi Alhamisi hiyo nikafunika cherehani yangu mapema, nikajitanda, nikamfuata kwa mbali alipotoka karakanani. Alipita dukani akanunua marashi. Lakini hakuelekea nyumba ya mtu. Alipanda kilimani, kwenye kaburi la walii.

Nilipajua pale. Mama mkwe alishanipeleka mara tatu ninywe maji ya kisima nipate kuzaa. Wanasema walii alifukuzwa mjini kwa kusema kweli, akachoma fimbo yake kilimani, maji yakatoka. Wanasema pia mlango wa kaburi lake humnasa mkono mwongo.

Wazuru walikuwa wameshaondoka. Nikasikia sauti ya mwanamke ndani.

“Tokeni nje!” nikapiga kelele.

Akatoka bibi wa miaka sabini na ufagio wake, harufu ya udi ikimfuata. Mtunza kaburi.

“Unamtafuta nani, mwanangu?”

“Muuza Mbao!”

Bibi akaangua kicheko. “Kumbe ndivyo alivyoniandika kwenye simu yake?”

Mume wangu akaja nyuma yake, macho mekundu, mkononi chupa ya marashi ya kunyunyizia kaburi.

“Anaona haya kulia mbele ya watu,” bibi akasema. “Ndiyo maana namwita nikiwa peke yangu.”

“Analilia nini?”

“Dua tu,” mume wangu akadakia.

“Shika mlango useme hivyo,” nikamwambia.

Mkono wake ukanyanyuka, ukarudi.

“Miaka thelathini naufungua mlango huu,” bibi akasema taratibu. “Haujamnasa mtu. Waongo wenyewe ndio hawaushiki.”

Mume wangu akaketi kizingitini.

“Tatizo si lako. Ni langu. Nilipimwa mwaka juzi.”

“Mwaka juzi?”

“Niliona aibu.”

“Aibu yako ukanivika mimi! Maji nikanywa, dawa chungu nikanywa, matusi ya mama yako nikayanywa, na wewe unajua!”

Akaiweka chini chupa ya marashi.

“Na Jumamosi ungekubali kuposewa mke?”

“Nilikuwa namwomba Mungu ambadilishe mama nia.”

“Mungu alikupa mdomo.”

Bibi akamgusa bega. “Walii hamsemei mtu, baba. Nenda kaseme.”

Tulimkuta mama mkwe nyumbani kwake, anapiga pasi nguo ya kwendea posa.

“Mama, usiende,” mume wangu akasema. “Mgonjwa ni mimi.”

Mama mkwe akanigeukia. “Umemlisha nini mwanangu?”

“Hajanilisha kitu, mama. Soma.”

Akatoa karatasi ya hospitali iliyochakaa mikunjoni. Mama mkwe akavaa miwani, akaisoma mara mbili. Kisha akazima pasi, akaniangalia, machozi yanamlenga.

“Nilikutukana mbele ya watu, mwanangu. Jumamosi nitawaita hao hao, nikuombe radhi mbele yao.”

“Nitakuja, mama.”

Sikumkumbatia. Nilikuwa sijafika huko.

Nje, mume wangu akauliza kwa sauti ndogo:

“Tunarudi nyumbani wote?”

“Wote. Ila kesho hospitali tunakwenda wawili. Nataka nimsikie daktari kwa masikio yangu.”

“Bado huniamini?”

“Kukupenda, nakupenda. Kukuamini, utaanza darasa la kwanza.”

“Nitaanza,” akasema. Tukaondoka pamoja, mimi nikitangulia hatua moja.