Mlinzi wa Kitabu cha Wakfu

Unga ule Bi Muzna aliuona Jumatatu asubuhi, juu ya kibodi ya kompyuta. Mweupe, laini, kama ule mchwa anaouacha chini ya rafu. Mchwa na plastiki wapi na wapi? Akaufuta kwa kitambaa. Alipovuta kiti akae, akasikia kitu kinatafuna ndani ya mashine: kru, kru, kru.

Mwaka huo wa 2004 maktaba yao ndogo ya Mji Mkongwe ilikuwa imepata kompyuta, skana, na mkuu mpya, Jamil wa Mpendae, aliyependa mashine kuliko watu. "Bi Muzna, vitabu vya zamani viingie humu kabla ya Ijumaa. Wageni wa nje wanavisubiri." Kumfundisha hakumfundisha. Miaka ishirini na minne mtu yuko kazini, halafu aambiwe Ijumaa! Hebu niambie, ndiyo haki hiyo?

Sasa sikiliza. Vitabu vya mkono vya wazee wetu vilikuwa na ukurasa wa mwanzo wenye jina moja tu, la jini mla karatasi, aliyeapishwa asikile kitabu na akilinde na mchwa na mende. Mwenye kukifungua humtolea salamu, akapindua. Na mwenye kukinakili, ukurasa ule huuruka. Jini mmoja, kitabu kimoja. Bi Muzna aliyajua hayo tangu kwa babake. Na kitabu alichoanza nacho kilikuwa cha wakfu, cha ukoo wa Mzee Sleiman, chenye majina ya maiti wao wote, yanayosomwa kila mwaka kwenye hitma ya kuwarehemu. Mzee alimkabidhi mwenyewe. "Amana yako, mwanangu. Chengine hatuna."

Lakini Jumamosi, siku mbili kabla ya unga ule, Jamil alikuwa amemsimamia kichwani, anatazama saa. Haraka haraka haina baraka. Bi Muzna akakilaza kitabu kwenye kioo cha skana, akaanza na ukurasa wa mwanzo.

Jumatatu hiyo ya unga akakifungua kitabu. Ukurasa wa mwisho mweupe! Karatasi haikutoboka, wino tu ndio haupo. Jumanne zikawa kurasa sita. Hakumwambia mtu, kwa aibu ya amana.

Jumatano adhuhuri umeme ukakatika mji mzima, feni ikasimama, taa zikazimika, na kioo cha kompyuta kikabaki kinawaka, na juu yake yale majina ya marehemu yakawa yanapita moja moja, taratibu, kila likifika chini linatafunwa kutoka kulia kwenda kushoto, kru, kru, na harufu ya karatasi iliyorowa ikajaa chumba mpaka akaionja ulimini, na majina yanaendelea kupita.

Akatoka, akaenda moja kwa moja Michenzani, kwa Mwalimu Simai, mwandika makombe, zile aya za zafarani za kutibia watu.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Mbona unatweta hivyo?"

Akamweleza. Mwalimu akashusha sauti, kama anayeogopa kusikiwa na ukuta. "Kiapo chake ni asikile kitabu. Picha ya kitabu hakuiapia. Na anachokila kule, huku kinakwisha."

"Na jina likishaliwa, Mwalimu?"

"Wenye kitabu watakuja kukwambia."

"Atatoka?"

"Ukiifuta picha ya jina lake, ntamwita arudi kwenye ukurasa wake. Lakini jina lake liwe limebaki pahala pamoja tu, humo kitabuni."

Alhamisi asubuhi wakafunga mlango wa maktaba. Bi Muzna akaifuta picha. Mwalimu akachoma ubani, akachovya kalamu kwenye zafarani, akalipitia jina lile herufi kwa herufi huku anasoma. Kutafuna kukanyamaza. Na kwenye ukurasa wa mwisho jina la kwanza likajitokeza, wino mbichi, kisha la pili, kisha la tatu. Bi Muzna alilia machozi kwa furaha.

Mlango ukagongwa. Jamil.

"Mnafukiza nini humu? Na hicho kitabu, Bi Muzna, wageni wamekipenda kweli. Nshawapelekea kwa barua pepe tangu jana asubuhi. Nchi saba."

"Na ukurasa wa mwanzo?" akauliza Bi Muzna.

"Wamesema ndio mzuri kuliko zote."

Mwalimu akaiweka kalamu chini. Kru ikaanza tena, na safari hii haikuwa moja. Yale majina matatu yakafutika mbele ya macho yao.

"Yallah toba," akasema Mwalimu Simai, akakusanya vitu vyake. "Saba siwawezi, Bi Muzna. Nisamehe."

Ijumaa baada ya sala, Mzee Sleiman akaja kuchukua kitabu chake kwa ajili ya hitma, kanzu imepigwa pasi, anukia udi. Bi Muzna alikuwa amekesha akitafuta maneno ya kumwambia. Akampa kitabu kwa mikono miwili, macho chini. Mzee akalipindua lile jina la zafarani, akapindua karatasi nyeupe, na nyengine, na nyengine, wala hakukasirika. Akainua uso, uso wa mtu aliyepotea njia ya nyumbani kwake.

"Hivi, mwanangu," akauliza, "leo nilikuwa nakwenda kumsomea nani?"