Mwandishi Asiyefunga Kazi

Asubuhi za Iringa zina baridi kali. Pale Mlandege, Kudra aliamka mapema, akawasha moto, akabandika uji. Mumewe, Muhidini, alikuwa ameshaanza kazi. Alikuwa amekaa barazani na kalamu mkononi, na watu wawili walikuwa mbele yake wakisubiri.

"Baba Mwantumu, njoo unywe uji," Kudra aliita.

"Nakuja."

Hakuja. Uji ulipoa mpaka ukafanya utando juu.

Muhidini alikuwa mwandishi wa kujitegemea. Zamani alikuwa karani katika duka moja huko Mbeya. Aliiacha kazi ile kwa sababu tajiri wake alimshikilia dukani kutwa nzima. "Sasa nitakuwa bwana wa nafsi yangu," alimwambia mkewe, wakahamia Iringa. Hapa aliwaandikia barua watu wasiojua kuandika. Mara nyingine alipeleka habari za mji gazetini.

Watu walimpenda kwa salamu zake. Kwao, barua isiyo na salamu ndefu si barua. Kwanza asalimiwe baba, kisha mama, kisha shangazi na majirani. Halafu iandikwe kwamba wote hawajambo. Hapo ndipo habari yenyewe huanza.

Lakini huyu bwana wa nafsi yake hakuwa na saa ya kufunga kazi. Watu walimjia alfajiri. Walimjia adhuhuri, tonge likiwa mkononi. Jioni waligonga mlango wa nyumba, na Muhidini hakumkatalia mtu.

Jioni moja alikuja Mrisho, mfanyabiashara wa vitambaa. Kudra alimkuta mlangoni.

"Shemeji, mwenzio amechoka," Kudra alisema.

Mrisho alicheka sana. "Amechoka nini? Kwani ameshika jembe? Ni kalamu tu ile!"

Damu ilimpanda Kudra kichwani. "Kama ni kalamu tu, mbona huishiki wewe?"

"Ah, shemeji naye! Ulimi wako mkali kuliko pilipili." Mrisho alipita ndani, akavuta kiti, akaketi. Muhidini alifikicha macho, akachukua karatasi. Kudra alirudi jikoni akigonga masufuria. Hasira yake haikuwa kwa Mrisho peke yake. Ilikuwa kwa mumewe pia, aliyekuwa amejigeuza bomba la maji la mtaa. Kila mwenye ndoo alikuja akafungulia.

Siku chache baadaye, asubuhi, mwanamke mmoja alifika barazani kwa kasi. Jina lake Rozalia, mkazi wa Kihesa. Mumewe, Sedekia, alikuwa amekwenda kukata mkonge Kilosa. Nyuma ya Rozalia alikuja Bi Matilda, mwalimu wa kisomo cha watu wazima. Rozalia hakusema hata "kamwene", salamu ya Kihehe.

"Bwana Muhidini, nani alikwambia mama mkwe wangu hajambo? Mimi?"

"Vipi, mama? Kaa kwanza."

"Sikai! Nilikuja kwako jioni, wiki mbili zilizopita. Nilikwambia mama wa Sedekia ni mgonjwa sana, hali, hanywi, anamtaka mwanawe. Sikukwambia hivyo?"

"Ulinambia."

"Basi msikie Sedekia! Mwalimu, msomee."

Bi Matilda alifungua barua iliyotoka Kilosa, akasoma taratibu: "Nimefurahi sana kusikia kwamba mama hajambo. Kama aliugua, namshukuru Mungu amepona. Nitakuja kazi yangu ya mkataba ikiisha."

Rozalia alipiga kofi mezani, wino ukaruka. "Mama anauliza kila gari likipita barabarani: amefika? Nimjibu nini? Nimwambie mwanao anafurahi huko Kilosa, kwa sababu mwandishi wa Mlandege amekwisha kukuponya?"

Kudra alisimama mlangoni. Alimwona mumewe akibadilika rangi. Muhidini aliikumbuka jioni ile. Alikuwa ameandika tangu kabla ya jua kuchomoza. Mkono wake ulikwenda wenyewe: baba anakusalimu, mama hajambo anakusalimu, sote hatujambo. Habari ya ugonjwa aliiweka chini kabisa, kwa maneno machache. Wala hakumsomea Rozalia barua ile kabla ya kuifunga. Nje palikuwa na wengine wakisubiri.

"Ni kosa langu," alisema kwa sauti ndogo.

Kudra alitoka nje. "Kosa lako, ndiyo! Nilisema mpaka nikachoka. Ulimkimbia tajiri wa Mbeya, umekuwa tajiri mbaya kuliko yule. Yule alikupa Jumapili!"

"Sasa nimfukuze mtu mwenye shida, Mama Mwantumu?"

"Tugombane baadaye," Bi Matilda alisema. "Kwanza tumwite Sedekia. Twendeni Posta. Simu ya maandishi itafika haraka kuliko barua."

Huko Posta, Muhidini aliandika bila salamu hata moja: MAMA MGONJWA SANA ANAKUTAKA NJOO UPESI. Alimsomea Rozalia mara mbili. Rozalia aliitikia kwa kichwa. Hakumtazama usoni.

Waliporudi, Bi Matilda aliketi nao barazani. Watu walikuwa wamejaa tena. Kudra aliwaambia wangoje, na safari hii hakutabasamu.

"Bwana Muhidini," Bi Matilda alisema, "aliyeajiriwa hupangiwa saa na mwajiri wake. Aliyejiajiri lazima ajipangie. Asipojipangia, watu watampangia, na kila mtu atachukua saa anayoitaka. Niambie, kichwa chako kinakuwa chepesi saa ngapi?"

"Asubuhi."

"Na makosa unayafanya saa ngapi?"

Kudra alijibu: "Jioni. Na adhuhuri akikosa chakula."

"Basi jibu mnalo. Asubuhi andika barua nzito: za ugonjwa, za mashauri, za shamba. Adhuhuri funga, ule, upumzike. Kupumzika si uvivu. Macho na kichwa ni vyombo vyako vya kazi. Alasiri andika barua nyepesi na habari zako za gazeti. Saa kumi na moja weka kalamu chini."

"Na mwenye msiba usiku?"

"Huyo mpokee. Ugonjwa na msiba havingoji. Lakini kila barua msomee aliyekutuma kabla ya kuifunga."

"Watakwenda kwa wengine," Muhidini alisema. "Tutakula nini?"

"Wachache watakwenda. Pima mwezi mmoja. Ukiona saa hazitoshi, ongeza kidogo. Ukiona zinakuumiza, punguza. Lakini uamue wewe, si anayegonga mlango."

Kesho yake Muhidini alieleza saa zake kwa kila aliyekuja. Wengine walinuna. Jioni Mrisho alifika, akamkuta Kudra mlangoni.

"Kesho asubuhi, shemeji," Kudra alisema.

"Kesho? Mimi? Ni mistari mitatu tu!"

"Una mgonjwa?"

"Sina."

"Una msiba?"

"Mungu apishe mbali!"

"Basi kesho asubuhi."

"Nitakwenda kwa mwandishi mwingine!"

"Nenda salama. Nisalimie na watoto."

Asubuhi Mrisho alikuwa barazani, amejifunika blanketi, anatetemeka kwa baridi. Muhidini alikuwa amekunywa uji wa moto. Aliiandika ile mistari mitatu, akamsomea. Mrisho akamsimamisha. "Hapo ngoja. Sikusudii hivyo." Wakarekebisha. Mrisho aliondoka akinung'unika, lakini hakurudi tena jioni.

Wateja walipungua kidogo mwanzoni, kisha wakazoea. Na kwa kuwa barua hazikurudiwa tena, kazi yenyewe ilikwenda upesi.

Siku chache baada ya simu ile, Sedekia alikuwa amefika kwa lori, na vumbi la Kilosa bado liko nguoni. Alimkuta mama yake hai. Alimbeba mpaka hospitali, na polepole mama alianza kula.

Jumapili moja, siku isiyo ya kazi, Muhidini na Kudra walikwenda Kihesa kumwona bibi yule mgonjwa. Bibi alikuwa ameketi juani nje ya nyumba, kashika bakuli la maziwa. Rozalia aliwaletea viti. Alikuwa bado mzito wa maneno.

"Huyu ndiye mwandishi," Sedekia alisema.

Bibi aliliweka bakuli chini, akamgeukia Muhidini.

"Ndiwe uliyeandika kwamba sijambo?"

Muhidini aliinamisha kichwa. "Ndimi, mama. Nisamehe."

"Uliandika mapema mno," bibi alisema. "Ungengoja mpaka leo."

Rozalia alikuwa wa kwanza kucheka.