Kaka Yake Esteri

Stendi ya Kasulu ilikuwa imefurika asubuhi ile ya Julai, mwaka tisini na saba. Makondakta wa magari ya Kibondo waligombea abiria, wauza ndizi walipenya katikati ya mizigo, na vumbi jekundu lilitanda juu ya kila kitu. Esteri alikaa juu ya sanduku lake la bati, hana raha hata kidogo. Alikuwa amevaa gauni la kitenge la rangi ya samawati aliloshonewa na mama yake kule Muyama, na viatu vyeusi vipya vilivyokwisha kumchubua visigino. Pembeni yake kulikuwa na godoro lililoviringishwa, ndoo, beseni na soksi nyeupe. Kila kitu ambacho shule ya uuguzi iliagiza alikuwa nacho, isipokuwa saa ya mkononi yenye mshale wa sekunde. Bila mshale huo muuguzi hawezi kuhesabu mapigo ya mgonjwa, na aliambiwa waziwazi kwamba asiye na saa atarudishwa kutoka getini.

Barazani kwa duka la Mzee Isihaka alikuwapo fundi saa, kijana mwembamba mwenye shati jeupe lililopigwa pasi kwa makini, lenzi ndogo ameibana jichoni. Esteri alimsogelea huku akiburuza sanduku.

“Amahoro, dada,” kijana alimsalimu kwa Kirundi bila kuinua kichwa. “Saa imekufa au imezimia tu?”

“Sina saa.”

Hapo ndipo alipomtazama. “Basi wewe ni mteja wangu wa kwanza wa aina hiyo. Karibu.”

Jina lake lilikuwa Nsengimana. Alimsikiliza Esteri mpaka mwisho, kisha akafungua mkanda wa saa aliyokuwa ameivaa yeye mwenyewe. Ilikuwa ya marehemu baba yake, saa ya zamani ya kutia ufunguo, na ndicho kitu pekee alichovuka nacho kutoka Burundi wakati wa vita, akatokea mpakani Mabamba na nguo zake za mwilini. Alisema haiuzi. Atamwazima mpaka amalize masomo.

“Unamwazima mtu usiyemjua?” Esteri aliuliza.

“Nitakujua. Saa hii inataka ufunguo kila asubuhi, na mimi nitataka kuhakikisha kama imetiwa. Simu ya huko shuleni iko wapi?”

“Ofisini kwa Matroni. Lakini nasikia mwanamume hapewi msichana azungumze naye, labda awe ndugu.”

“Basi mimi ni kaka yako tangu leo.”

Esteri akacheka, naye akacheka, na hivyo ndivyo uongo ule ulivyozaliwa, mchana kweupe, katikati ya kelele za makondakta. Wala hawakujua kwamba wamejifunga kamba wenyewe.

Shule ilikuwa kilimani, nje kidogo ya mji. Matroni Kudra, mama mrefu wa Ujiji aliyevaa sare nyeupe isiyo na doa, aliwapokea wanafunzi wapya akiwa amesimama na hakuwaambia karibuni. Aliwaambia kwamba miezi ya mwanzo ni ya majaribio na kwamba baadhi yao hawataimaliza. Wataamka kabla ya mapambazuko. Watafua mashuka yenye damu, watamwaga vyombo vya wagonjwa, watajifunza kutandika kitanda mtu akiwa juu yake, na muda si mrefu kila mmoja atakuwa ameshika maiti kwa mikono yake. Kisha akataja mambo mawili asiyoyasamehe. Mwanafunzi hana mchumba mpaka apate cheti. Na hakuna anayemhudumia ndugu yake wodini, kwa sababu mkono wa ndugu hutetemeka.

Yale ambayo Matroni hakuyasema aliyasema Zaitun, msichana wa mwaka wa pili aliyelala kitanda cha jirani. Chakula ni maharage, alisema. Miguu itavimba. Utalia chooni, maana ndiko kwenye mlango unaofungika. Baada ya hapo akashusha sauti.

“Na jambo moja la mwisho, mdogo wangu. Simu ya jioni ni ya salamu. Ukiitwa kwenye simu kabla ya chai ya asubuhi, kaa chini kwanza ndipo usikilize. Simu za asubuhi ni za misiba. Mimi baba yangu nilimpoteza hivyo.”

Esteri aliliweka neno hilo moyoni, na tangu siku hiyo kila asubuhi alikunywa chai yake upesi upesi.

Simu ya kwanza ilikuja jioni. Matroni alimkabidhi mkono wa simu, akabaki pale pale mezani akisaini makaratasi.

“Dada, saa inatembea?”

“Inatembea, kaka.”

“Na mwenye kuivaa?”

“Amevimba miguu.”

“Pole, mukundwa,” alisema Nsengimana, na Esteri akamshukuru Mungu kwamba watu wa Ujiji hawajui neno hilo ambalo Warundi humwitia mpenzi.

Jumapili za kutembelewa kaka huyo alikuja na shati lake jeupe na karanga za kukaanga. Walikaa kwenye benchi chini ya mikaratusi, mbele ya macho ya kila mtu, na Esteri akajifunza kufunga bandeji kwenye kiganja cha Nsengimana. Alifunga taratibu kuliko ilivyotakiwa. Alikuwa anampenda, tena sana, na hofu ya kugundulika ilizidi kuyachochea mapenzi yale. Matroni aliwapita mara moja, akamsalimu kaka, akaulizia hali ya Muyama. Nsengimana alijibu kwamba mahindi yamekubali. Lafudhi yake haikumsaliti, kwani Kiha cha kwao Esteri na Kirundi ni kama mtu na ndugu yake.

Mambo yalianza kuharibika siku ya somo la kuandaa maiti. Mmoja wao alipaswa kulala awe ndiye marehemu, na kura ikamwangukia Esteri. Wenzake walimfunga taya, wakamfunga vidole gumba vya miguu pamoja, wakamfunika shuka jeupe mpaka usoni. Chini ya shuka kulikuwa kimya, akabaki kusikiliza mlio mdogo wa saa mkononi mwake. Kisha mlio ukakoma. Alipofunuliwa, mshale wa sekunde ulikuwa umesimama, na alikuwa na hakika kwamba asubuhi aliitia ufunguo. Wengine walimcheka. Zaitun, aliyekuja kusaidia somo, hakucheka.

Jumapili iliyofuata Nsengimana aliiweka sikioni, akasema ni vumbi tu, atakwenda kuisafisha na kuirudisha. Lakini hata yeye hakuwa na mzaha siku hiyo. Mjini palikuwa na habari kwamba Warundi wote wanaoishi nje ya kambi watakusanywa na kupelekwa kambini Kibondo, na malori yalikwisha kuonekana vijijini. Esteri alimsihi aende Muyama, akakae kwa wazazi wake mpaka mambo yapoe.

“Nikajifiche?” Nsengimana aliuliza. “Muyama nitakwenda siku ya kukuposa, nikiwa na wazee, mchana, nimevaa koti.”

Akaondoka na saa. Hakuonekana tena. Jumapili ilipita, ikapita nyingine, na simu ya ofisini ilipolia ilikuwa ya wengine. Esteri akawa anahesabia mapigo saa aliyoazima kwa mwenzake. Alipopata ruhusa ya kwenda sokoni alikwenda moja kwa moja kwa Mzee Isihaka. Pale barazani meza ya fundi haikuwapo.

Mzee Isihaka alimweleza kwa huruma, na huruma ndiyo iliyomuumiza. Malori yalipita mjini, alisema, lakini Nsengimana hakushikwa. Mzee alikuwa ameahidi kumsemea abaki. Yeye akapanda lori kwa miguu yake, kwa sababu juu ya lori hilo kulikuwa na mwanamke kijana aliyeletwa kutoka kijiji cha Rungwe Mpya, na mtoto mgongoni.

“Alisema hawezi kumwacha yule mwanamke, binti yangu. Hakuniambia zaidi.”

Esteri alirudi kilimani. Zaitun alimwambia kile ambacho yeye mwenyewe alikuwa anakiogopa: kwamba mtu aliyekimbia vita huwa na maisha mengine nyuma yake, na mke ni sehemu ya maisha. Esteri alilia chooni, kama alivyotabiriwa, halafu akanawa uso akaingia zamu. Aliapa kumsahau. Kila asubuhi, akiamka, vidole vyake vilitafuta ufunguo wa saa ambayo haikuwepo.

Mvua za Desemba zilipokolea, kipindupindu kikazuka katika kambi moja huko Kibondo. Wauguzi hawakutosha. Matroni Kudra alichagua wanafunzi wa kwenda kusaidia, Esteri akiwamo, na njia nzima, gari likiteleza kwenye tope, aliwaambia watakachokiona. Hakupunguza hata kidogo. Hema litakuwa na vitanda vya turubai vyenye tundu katikati na ndoo chini yake. Mtu huingia humo akiwa na mwili wake wa kawaida, alisema, na kufika jioni macho yamezama na ngozi imebaki kama ya mzee. Dawa yake ni maji, kikombe baada ya kikombe, na mtu wa kukishika kikombe asiyechoka. Wasio na mtu huyo ndio wanaozikwa.

Walipofika walikuta ndugu hawaruhusiwi ndani ya hema. Mlangoni kulikuwa na kamba na dishi la maji ya klorini ya kukanyagia, na nyuma ya kamba watu walisimama mvuani wakiita majina.

Esteri alikuwa amefika kitanda cha mwisho alipoiona saa kabla hajauona uso. Ilikuwa mkononi mwa mgonjwa, imelegea mpaka kwenye kiwiko, na mshale wa sekunde ulikuwa unazunguka.

“Imetiwa ufunguo,” Nsengimana alisema. Sauti yake ilikuwa imekauka. “Kila siku.”

Esteri alipiga magoti, akamnyanyua kichwa, akamnywesha. Alikuwa na maneno mengi ya hasira aliyoyatunza, lakini kwanza alijaza kikombe kingine.

“Yule mwanamke?” aliuliza mwishowe.

“Aline. Mke wa marehemu kaka yangu. Ningemwachaje aje peke yake na mtoto?” Alimeza, akapumua. “Tumemzika juzi. Mtoto yuko kwa majirani.”

Esteri aliona aibu iliyomchoma kuliko ile hasira. Alimshika mkono, akaanza kuhesabu mapigo kwa saa ya baba yake. Yalikuwa membamba na ya haraka, yakipotea na kurudi. Alipoinua macho, Matroni Kudra alikuwa amesimama mbele yao.

“Huyu ni kaka yako wa Muyama,” Matroni alisema. “Anafanya nini kambini?”

Esteri alielewa papo hapo jinsi uongo wao ulivyowabana. Akisema ni kaka yake, atatolewa nje ya kamba, na hakuna mwingine wa kushika kikombe kile. Akisema si kaka yake, atabaki pale leo, na kesho sanduku lake litakuwa stendi.

“Si kaka yangu, Matroni,” alisema. “Ni—”

“Usimsikilize,” Nsengimana alisema. Alijiinua kwa kiwiko, jambo ambalo mtu wa hali yake hawezi, akaliweza. “Nilichukuliwa kwenye lori pamoja na wengine. Lugha yetu na ya Warundi ni moja, nani angetubagua? Ni dada yangu. Anadanganya ili asitolewe.”

Matroni aliwatazama mmoja mmoja.

“Mgonjwa amesema,” aliamua. “Esteri, toka. Unajua kanuni.”

Nsengimana alivua saa kwa shida, akamwekea kiganjani. “Shuleni wataidai,” alimwambia kwa sauti ndogo, akafumba macho.

Esteri alikanyaga dishi la klorini, akaipangusa saa kwa kitambaa cha dawa, akasimama nje ya kamba pamoja na wale waliokuwa wakiita majina. Mchana ule walitolewa watu watatu wamefunikwa turubai. Hakujua ni nani na hakuna aliyemwambia. Jioni gari la shule lilipakia wanafunzi, na Matroni aliketi mbele bila kugeuka nyuma. Alikuwa amechelewa sana kutoka hemani, sare yake imelowa mpaka kifuani. Esteri hakuthubutu kuuliza. Aliogopa jibu.

Tangu hapo aliitia saa ufunguo kila alfajiri kabla hata ya kuvaa viatu, kana kwamba ikisimama mtu atakufa. Mwaka ukageuka. Kisha asubuhi moja, maji ya chai yakiwa bado jikoni, Zaitun alikuja bwenini mbio na uso uliobadilika. Alisema kuna simu ofisini.

Esteri alitoka hajavaa hata viatu, saa ikiwa mkononi bila kutiwa ufunguo. Alikimbia mpaka mlangoni, akakaa sakafuni kwanza, kama Zaitun alivyomwagiza.

“Kaa kwenye kiti,” Matroni Kudra alisema, akamnyooshea mkono wa simu. “Ni kaka yako.”

Kwanza ilisikika mivumo tu ya waya. Halafu sauti nyembamba, ya mtu aliyetoka mbali.

“Dada. Saa inatembea?”

Esteri alishika meza. “Inatembea, kaka.”

“Hapa ofisi ya kambi wanafungua simu asubuhi tu, usiogope. Mama wa Ujiji yule alinishikia kikombe mpaka nikaweza kukishika mwenyewe. Sasa sikiliza. Kuna kijana huku. Hana meza tena, na hatoki bila kibali. Anataka kuja kwa wazazi wako Muyama siku utakayopata cheti. Nimjibu nini?”

Kalamu ya Matroni ilikuwa imesimama juu ya karatasi.

“Mwambie achemshe maji ya kunywa,” Esteri alisema, machozi yakimtiririka. “Kila siku, mpaka nimalize.”

“Hiyo ni ndiyo au hapana?”

“Ni ndiyo, kaka.”

Simu ilipokatika Matroni alirudia kusaini makaratasi yake. Alisema, bila kuinua uso, kwamba kule Kibondo wanazungumzia kuwarudisha watu kwao, na vita havijaisha, na hakuna ajuaye nani atakuwa wapi mpaka siku ya cheti.

“Ni muda mrefu, Esteri.”

“Najua, Matroni.”

“Mpaka siku hiyo ni kaka yako. Nisisikie vingine. Na mwambie asipige tena asubuhi, anatuua kwa hofu. Haya, nenda wodini.”

Esteri alitoka barazani. Saa ilikuwa bado haijatiwa ufunguo tangu jana, akaanza kuutia pale pale, taratibu, maana mkono ulikuwa unamtetemeka.