Ukuta wa Nyuma ya Samadari

Kila nikitoka shule nilikuwa na kazi zangu tatu: kuchota maji, kufagia ua, na kumsomea Bibi Zuwena ujumbe ulioingia kwenye simu yake. Mwaka ule iliongezeka ya nne, kupima nyumba.

Nyumba yetu iko mji wa zamani wa Bagamoyo, ya mawe ya matumbawe, na tunaishi wawili, mimi na Bibi. Boriti za dari zilikuwa zimeliwa na mchwa, hivyo tukahamia kwa jirani yetu, Bi Biubwa. Bibi alilala sebuleni kwenye kigodoro, akisema hana shida yoyote. Lakini kila asubuhi alikuwa wa kwanza kurudi kuikagua nyumba yake, mkono mmoja kiunoni.

Kazi alipewa Fundi Msabaha, ambaye amezeekea kwenye kazi ya kukarabati nyumba kama yetu. Yeye hupima kwa kamba, kisha hukata kila boriti papo hapo. Safari hii alikuja na Nasrin, binti wa dada yake, aliyesomea ujenzi chuoni. Nasrin alibeba kishikwambi, na ndani yake alikuwa anaijenga nyumba yetu nzima: kuta, milango, hata kila boriti. Ukigusa ukuta, unakueleza urefu na unene wake. Ukibadilisha kipimo kimoja, vingine vyote vinavyohusika vinajirekebisha, pamoja na orodha ya mbao za kukata.

"Mjomba, tupeleke orodha hii kwenye kiwanda cha mbao cha Zinga, boriti zikatwe zote huko," Nasrin alisema. "Zikifika hapa ni kupandisha tu."

"Haya," Fundi Msabaha akajibu kwa shingo upande. "Zikikosea, mashine yako utairudisha mkobani."

Kilibaki chumba kimoja, cha Bibi. Bibi hataki mtu asiye wa nyumba akanyage chumbani mwake, awe fundi au nani. Kwa hiyo Nasrin akanipa mimi tepu ya kupimia.

"Pima kuta zote nne, Ashatu," aliniambia. "Nyumba za zamani zina mambo yake. Ukuta ambao hukuupima, usiuandike."

Nilipima tatu. Wa nne ulikuwa nyuma ya samadari, kile kitanda kizito cha Bibi, na mbele yake yalipangwa masanduku yake yote. Ningelazimika kuyavuta moja moja. Wakati huohuo rafiki yangu Naila alikuwa ananiita kutoka barazani.

"Ashatu, rede imeanza. Tumepungukiwa mtu mmoja."

Nikaitazama samadari. Nikautazama ukuta wa mlangoni, niliokwisha kuupima: mita mbili na sentimita sitini. Nikaandika kipimo hichohicho kwa ukuta wa nyuma. Chumba ni chumba, nikajiambia. Nilimkabidhi Nasrin karatasi, nikakimbilia rede, na siku hiyo tulishinda.

Boriti zilifika Jumamosi moja, wiki chache kabla ya masika. Samadari na masanduku vilikuwa vimekwisha kutolewa, na kwa mara ya kwanza Bibi akawaruhusu mafundi waingie chumbani mwake. Boriti hulala kutoka ukuta wa upande huu hadi wa upande ule, na ncha zake huingia ndani ya mawe. Za kwanza, karibu na mlango, zilikaa vizuri kabisa, hata Fundi Msabaha akatikisa kichwa kwa kuridhika. Walipofika katikati ya chumba, fundi aliyekuwa juu akasema, "Hii inashika kwa shida." Ya kuelekea ukuta wa nyuma haikushika kabisa.

Nikajua papo hapo.

"Hii ndiyo kompyuta," Fundi Msabaha alisema polepole. Mafundi wawili wakacheka, mmoja akauliza kama mashine hiyo imewahi kushika mwiko. Nasrin aligusa kioo cha kishikwambi mara moja, akakitazama kwa muda mrefu, kisha akainua uso.

"Mjomba, kosa ni langu. Ilinipasa kuhakiki."

"Kesho tunarudi kwenye kamba," Fundi Msabaha akasema. "Na Bibi Zuwena itabidi asubiri mbao nyingine, hata kama mvua itamkuta huko huko kwa jirani."

Nasrin akakitia kishikwambi mkobani bila kubisha. Nami nilinyamaza. Naona haya hata leo kulisema hilo, lakini nilinyamaza.

Mchana Bibi, aliyesikia tu kwamba boriti zimekosea bila kujua ni za chumba kipi, alileta wali na samaki. Alimkuta Nasrin amekaa peke yake pembeni mwa ua, akamwekea sahani.

"Kula, mwanangu, kukosea kupo," alimwambia. "Angalau chumba changu alikipima Ashatu. Huyu akishika jambo, halifanyi nusu."

Afadhali angenichapa. Nilitamani ile sahani initoshe kujificha. Mafundi wote walikuwa pale, wanakula. Nilingoja waondoke, hawakuondoka.

"Bibi," nikasema, na sauti ikatoka nyembamba. "Ukuta wa nyuma sikuupima. Niliandika kipimo cha ukuta wa mlangoni, nikaenda kucheza rede."

Hakuna aliyecheka. Bibi aliweka kijiko chini, na hakunitazama. Hilo ndilo lililoniliza.

Nasrin akakitoa kishikwambi, akagusa ule ukuta, akanipa nisome. *Upana: mita 2.60. Amepima: Ashatu.*

"Kila kipimo humu kina jina la aliyekipima," alisema.

"Kumbe ulijua tangu asubuhi?" nikamuuliza. "Mbona hukusema?"

"Nilitaka uliseme mwenyewe. Na mimi kweli sikuhakiki."

Fundi Msabaha alikohoa, akanyanyuka. "Nami sina la kujivunia," alisema. "Wajenzi wa zamani walipanua chumba kadiri ya boriti walizopata, ndiyo maana kuta hizi hazilingani. Ninalijua hilo miaka yote, na bado nimekimbilia kuilaumu mashine. Kamba yangu pia ingetudanganya, kama ningekisia mahali nisipofika nayo."

Akanipa tepu mbele ya wote. Nilipima ukuta wa nyuma mara mbili, kutoka kona hadi kona: mita mbili na sentimita themanini na mbili. Nasrin akaingiza kipimo. Orodha ikajirekebisha, na ikaonekana kwamba boriti fupi zinatosha kuezekea jiko la uani, ambalo mbao zake zilikuwa bado hazijaagizwa. Zinga wakapelekewa vipimo vipya siku hiyo hiyo. Kishikwambi hakikurudi tena mkobani.

Bibi alirudi chumbani mwake siku mbili kabla ya mvua kubwa. Usiku wa kwanza aliniita, akanyooshea kidole dari.

"Mjukuu wangu, mashine ile inaamini kila inachoambiwa," alisema. "Nami nilikuamini hivyohivyo. Mtu akikuamini, ndipo unapotakiwa kusema kweli zaidi, kwa sababu yeye hatakwenda kuchungulia nyuma ya samadari."

Nikamwomba radhi. Akaniwekea mkono kichwani, kisha akaniambia nivute masanduku yote, nifagie mpaka ukutani.