Jeneza la Webala

Jumatano, saa nane mchana. Kitale.

Mpango ulisukwa nyuma ya karakana ya majeneza ya Kagwe, katikati ya mbao mbichi na mikebe ya vanishi. Kagwe alikuwa seremala hodari. Angeishia hapo, angezeeka na heshima zake.

Walikuwa wanne. Kagwe mwenyewe, mwenye karakana na mwenye akili. Kipkorir, dereva wa lori, mtu wa maneno machache. Wacuka, ambaye aliweza kulia kwenye matanga ya mtu asiyemjua mpaka wenye msiba wakambembeleza yeye. Na Nabwile, mzima moto kutoka Bungoma, aliyekuja na kofia imeshushwa hadi kwenye nyusi.

Mali yenyewe ilikuwa imefungiwa katika ukumbi wa kanisa mjini Bungoma. Mashine za kukimbilia. Vyuma vya kunyanyua. Mashine ndogo za kushtua moyo uliosimama, ambazo ndizo zilizokuwa ghali. Na midoli ya mpira yenye kimo cha mtu, ya kufundishia huduma ya kwanza. Watu walikuwa wamechanga karibu mwaka mzima ili wazima moto wao wapate pumzi ya kupanda ngazi na ujuzi wa kumrudishia pumzi aliyeikosa. Sherehe ya kukabidhi vifaa hivyo ilikuwa Jumamosi. Kagwe alitaka Jumamosi iwakute wageni na hotuba zao tu.

Mnunuzi alikuwa ng'ambo ya mpaka, Suam. Kufika huko ilibidi kupita vizuizi vya polisi. Kagwe akapiga kofi kifuniko cha jeneza lililokuwa kando yake.

"Nani hufungua hili barabarani?" akauliza.

Jibu lilijulikana. Vitambaa vyekundu kwenye vioo, taa za mbele zikiwaka mchana kweupe, viti vya plastiki na turubai juu ya mzigo, na Wacuka akilia. Polisi wangevua kofia na kupunga mkono. Vitu vya bei vingelala ndani ya jeneza, vizito chini ya viti.

Msalaba ulihitaji jina. Kagwe alisema maiti inayotoka Bungoma haiwezi kuitwa Kimotho, jina la kwao yeye, akamwambia Nabwile atoe jina la kwao. Nabwile hakufikiri. Alisema Webala Khisa. Alisoma naye Naitiri. Webala alikwenda Juba kuendesha malori, simu yake ikazimika, na sasa ilikuwa imepita miaka. Aliona ni jina lisilo na mwenyewe. Kagwe akachovya brashi kwenye rangi nyeupe.

"Nina neno moja tu," Nabwile akasema. "Naitiri tusipite."

"Si tunafuata lami mpaka Kitale. Naitiri tutatafuta nini, bana?" Kagwe akasema.

Naitiri ndiko alikozaliwa. Lakini si hilo tu. Mwezi wa tatu alisimama mbele ya kanisa la huko akiwa na sare kamili, buti zimepigwa rangi, akawaomba watu wachangie vifaa hivihivi. Walitoa. Tangu siku hiyo walimwita Nabwile wa zimamoto, na mama yake alilitamka jina hilo sokoni hata pale lisipohitajika. Angekuwa mwizi popote duniani na kuvumilia. Naitiri hapana.

Na kwa nini alikuwa mwizi? Sababu yenyewe ni ndogo hadi kuitaja ni aibu. Kikosi kilipojaribiwa kupanda mnara na mpira wa maji begani, Nabwile alikwama katikati, akahema, akateremshwa kwa mkono. Wenzake walicheka kidogo, kama ndugu wanavyochekana. Wengine wakapelekwa kwenye mafunzo ya huduma ya dharura, yeye akaambiwa asubiri mashine za mazoezi zifike, apunguze mwili kwanza. Tangu hapo kila akisikia mashine hizo zikitajwa alijiona akiteremshwa. Kagwe alikuwa shemeji ya jirani yake, na masikio yake yalikuwa mazuri; kinyongo hicho alikisikia, akakitafutia kazi.

Ijumaa, saa moja asubuhi. Bungoma.

Mlinzi wa usiku alimkabidhi Nabwile ufunguo, akamtakia kazi njema, akaenda zake. Lori likaingia kinyumenyume. Kagwe na Kipkorir wakabeba, Wacuka akasimama langoni na leso usoni, akivuta kamasi kila mpita njia alipokaribia. Watu walimpa pole. Mmoja alivuka barabara makusudi aje kumpa.

Mashine za moyo ziliingia jenezani vizuri. Nafasi ikabaki. Nabwile akalaza mdoli mmoja juu ya mashine hizo ili zisigongane. Mdoli ulikuwa na kifua cha mpira mgumu na mdomo wazi. Kagwe akapigilia kifuniko kwa misumari miwili tu, kwa sababu kingefunguliwa jioni.

Wakaondoka. Nabwile alikaa mbele kati ya Kipkorir na Kagwe, amejifunika leso nyeusi. Alikuwa dada wa marehemu.

Webuye, polisi alivua kofia. Wacuka, aliyekaa nyuma na jeneza, alitoa kilio kimoja kilichomfanya polisi huyo atazame viatu vyake. Kagwe akatabasamu. Kipkorir akawasha sigara. Hata Nabwile alihisi mabega yakishuka.

Saa tatu na nusu. Kamukuywa.

Simu ya Kagwe ikalia. Ilikuwa ya mtu wake wa Kiminini. Kagwe alisikiliza, akaikata. Wizi ulikuwa umeshajulikana. Mbele yao, polisi wa Kiminini walikuwa wakisimamisha kila lori na kupanda juu, matanga au si matanga.

"Kata kulia," Kagwe akamwambia Kipkorir.

Kulia ilikuwa Naitiri. Nabwile akamshika Kagwe mkono.

"Tulikubaliana."

"Tulikubaliana kabla wewe hujashindwa kuficha nyayo zako. Jifunike uso, unyamaze."

Kipkorir alimtazama Nabwile mara moja, kama mtu anayetaka kusema jambo, kisha akakata kulia. Lami ikaisha. Vumbi likaanza.

Wahenga walimpa mwizi siku arobaini. Hawa hawakumaliza hata moja.

Ilikuwa siku ya soko. Lori lilipoingia kwa taa na vitambaa vyekundu, watu walisimama kama kawaida yao. Wanaume wakavua kofia. Wauza nyanya wakaacha kupanga mafungu. Kipkorir hakuwa na budi ila kwenda taratibu, maana nani hukimbiza maiti sokoni? Na msalaba ulikuwa umefungwa mbele, juu ya rejeta, jina limeandikwa kwa mkono mzuri wa seremala.

Mtu akalisoma kwa sauti. Kisha mwingine. Jina likakimbia sokoni kuliko lori.

Kufumba na kufumbua, waendesha bodaboda walikuwa wamevunja matawi na kuyafunga kwenye pikipiki zao. Wakatangulia wakipiga honi, wengine wakafuata. Mzee mmoja aliyeshika bakora akasimama katikati ya njia mpaka lori likasimama. Kagwe akateremsha kioo, akaeleza kwa heshima kwamba mazishi yalikuwa Suam, kwa mke wa marehemu.

"Mwili haupiti kwao bila kuingia," mzee akasema. "Na mtu hazikwi kwa mke. Kwani nyinyi ni watu wa wapi?"

Kagwe akapandisha kioo. Uongo wake ulikuwa mzuri mno, watu waliuamini wote. Pikipiki zikakata kona kuelekea kwa Rosaline, mama yake Webala, na lori likafuata kwa sababu halikuwa na njia nyingine.

Saa nne. Kwa Rosaline.

Alikuwa akianika mahindi uani. Boda ya kwanza ilikuwa imeshafika, kwa hiyo walimkuta amekaa chini katikati ya mahindi, miguu imenyooka mbele. Vijana wakateremsha jeneza bila kuombwa. Wacuka alianza kulia kazi yake, akanyamaza. Mama huyo alipoinuka na kulalia jeneza, kilio chake hakikuwa na ufundi wowote.

Alimlaumu mwanawe. Alimwambia Juba ni mbali, alimwambia mara ngapi. Alimwambia kitanda chake bado kipo, na kwamba kila mwaka alimpandia kishamba chake cha njugu, akavuna, akamwekea. Wanawake wakakaa naye chini. Beseni likapitishwa, watu wakatia walichonacho, wengine sarafu za kununulia chumvi. Likafikishwa kwa Kagwe kama msemaji wa waliomleta marehemu. Kagwe akalipokea. Alisema asante, akamimina yote mfukoni.

Wacuka aliona. Yeye aliyeishi kwa machozi ya uongo aligeuza uso akatazama ukuta.

Rosaline akauliza ni nani aliyemrudisha mwanawe nyumbani. Watu wakaonyesha upande wa lori. Akaja, akaishika leso nyeusi kwa mikono miwili, akaifunua taratibu.

"Nabwile wa zimamoto," akasema. "Ni wewe umeniletea?"

Nabwile akainamisha kichwa.

"Nilitoa bata mzinga wangu ile siku ulikuja kanisani. Wakanicheka, ati mjane anatoa bata mzinga kwa watu wa moto. Nikawaambia mkono ukitoa, kuna siku unarudi." Akamkumbatia. "Umerudi, mwanangu. Mungu akuweke."

Nabwile alikuwa ameingia katika moshi wa nyumba zinazoungua, lakini hakuwahi kukosa hewa namna ile. Alitamani Rosaline amtemee mate badala ya kumshika vile, kwa upole, kama mtu wa kwao.

Kagwe alimsogelea kutoka nyuma. Alinong'ona kwamba vijana wakienda kuchimba, uwanja utabaki na wanawake, wapakie jeneza waondoke mbio. Kipkorir alikuwa tayari kwenye usukani. Na kweli, nyuma ya nyumba, chini ya migomba, jembe la kwanza liligonga ardhi.

Nabwile alilisikia jembe hilo. Kila mtu wa kwao anajua kuwa kaburi likishafunguliwa, linadai mtu. Na Webala labda alikuwa hai, mahali fulani, amelala chini ya lori lake akingoja mzigo.

"Wakishamaliza kuchimba tutakuwa tumeua mtu," akamwambia Kagwe.

"Nyamaza. Utatuchoma sisi wote."

"Basi tuchomeke."

Akachukua chuma cha kufungulia magurudumu kutoka kwenye lori. Kagwe akamdaka bega, Nabwile akamsukuma kwa mwili uleule uliokwama mnarani, Kagwe akaanguka juu ya mahindi. Wanawake wakapiga ukemi, wakidhani huzuni imemtia wazimu. Misumari miwili. Kifuniko kikatoka.

Rosaline akaja, akatazama ndani. Mdoli ulimtazama kwa mdomo wazi.

"Huyu si Webala," akasema. Akalirudia, na uso wake ukafunguka kwa furaha, akainua mikono juu. "Si Webala. Si mtoto wangu." Kisha mikono ikashuka polepole. "Hii ni nini?"

"Ni ya kufundishia, mayi," Nabwile akasema, akimwita mama kwa lugha ya kwao. "Kumrudishia mtu pumzi."

"Ile tulichangia?"

"Ndiyo."

Rosaline akalitazama beseni tupu, akamtazama Kagwe.

Kagwe alikimbilia kwenye mahindi mabichi ya jirani. Boda zikamzunguka upande wa pili, akarudishwa uani. Kipkorir alizima injini, akatupa ufunguo nje ya dirisha, akaweka mikono juu ya usukani. Wacuka alivua leso ya msiba, akaikunja, akakaa chini. Mtu akaja akivingirisha tairi kuukuu, mwingine na chupa ya petroli, na kila mmoja alijua ni za nini.

"Hapa hamtachoma mtu," Rosaline akasema. Alikaa juu ya tairi lenyewe. "Nimelia ya kutosha leo."

Saa sita mchana.

Polisi walikuja na gari la zimamoto nyuma yao. Kwenye gari hilo alikuwa Rotich, mkuu wa zamu ya Nabwile, amekuja kutambua vifaa. Alipomwona Nabwile chini na pingu alisimama kidogo, kisha akapita. Alipiga magoti kando ya jeneza, akapangusa vumbi usoni mwa mdoli kwa mkono wa shati lake.

"Jina lako lilikuwa kwenye kundi la mafunzo la Jumatatu," akasema bila kumtazama. "Nilikuombea nafasi. Nilitaka nikwambie kwa sherehe."

Ni afadhali angempiga kofi.

Vifaa vikapakiwa. Kagwe na wenzake wakapandishwa. Nabwile akamwomba polisi ampe muda kidogo, akaenda mpaka kwa Rosaline, akapiga magoti, akasema kila kitu kitarudi Bungoma, hakuna hata kimoja kilichovunjika.

Rosaline hakuwa akimsikiliza. Alikuwa akitazama nyuma ya nyumba. Shimo lilikuwa limeshafika kiunoni mwa mtu kabla ya wachimbaji kuitwa. Wazee wawili walikuwa wakikata mgomba, kwa sababu kaburi lililofunguliwa haliachwi tupu, na ni heri limeze mgomba kuliko kumngoja mwenye jina.

"Vyuma mmerudisha," Rosaline akasema. "Mimi nimemlilia mtoto mzima. Hiyo nitairudisha aje?"

Wazee wakateremsha mgomba shimoni, na mmoja wao akauliza kama kuna mtu wa familia wa kutupa udongo wa kwanza. Rosaline akatikisa kichwa. Akamtazama yule aliyelitoa jina la mwanawe.

Polisi akafungua pingu. Rotich akamletea koleo la kwenye gari la zimamoto. Nabwile akaanza kufukia, na hakuna aliyemsaidia, na hakuna aliyemwambia apumzike.