Zamu ya Emiliana

Saa kumi na mbili kasoro dakika tano asubuhi, majongoo yalianza kushuka kretani.

Kila moja lilikuwa na urefu wa mabasi matatu ya zamani, na chini ya tumbo lake kulikuwa na magurudumu madogo laini themanini. Kila gurudumu lilijiinua na kujishusha lenyewe, likichagua pa kukanyaga, hivi kwamba jongoo likipita nyasi zilibaki zimesimama. Jina lake rasmi lilikuwa Gari la Nyayo Nyepesi. Watu wa mji wa Gwandari waliliita jongoo tangu siku ya kwanza, na Idara ya Zamu ikachoka kuwasahihisha. Halikuwa na dereva. Liliongozwa na akili mnemba iliyoona kwa vihisi vya joto, na iliyojua mahali alipolala kila faru wa Kreta ya Endamaru. Yalikuwa majongoo sitini, yakipishana kwa sekunde arobaini, na kila moja lilibeba abiria themanini. Yalikaa dakika kumi na moja kando ya ziwa na dakika sita kwenye uwanda wa faru, kisha yakapanda kuchukua wengine, hadi jioni.

Waliokumbuka zamani walikumbuka magari elfu moja kwa siku, na faru mmoja kuzungukwa na magari thelathini mpaka asijue pa kutokea. Mimba ziliharibika. Faru wakabaki saba. Hapo ndipo ikapitishwa sheria kwamba hakuna gari la mtu binafsi litakaloshuka, na hakuna atakayeingia bila kiti kilichowekwa kwa jina lake na sura yake. Sasa faru walikuwa kumi na watatu, na dunia nzima ilitaka kuja kuwaona. Kila kiti kiligombewa na watu wanne.

Mtambo ulioamua nani aende na nani angoje uliitwa Mgawazamu, na aliyeubuni alikuwa Mhandisi Kokuteta Rwegoshora. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na mmoja, na tisa kati ya hiyo aliitumia ndani ya chumba kimoja cha uangalizi juu ya ukingo wa kreta. Asubuhi hiyo alikuwa amekaa mbele ya kioo cha kompyuta yake, chai imepoa, akitazama viti vikijaa kwa rangi ya kijani. Katika jongoo la kumi na nne kiti kimoja kilibaki cheusi. Baadaye kikabaki kingine, na kingine. Jongoo la mwisho la mzunguko wa alfajiri lilipoondoka vilikuwa kumi na tisa, na vyote vilikuwa viti vya wenyeji, yaani watu wa Gwandari na vijiji vyake.

Mkurugenzi Lwitiko alimpigia saa tatu. Alikuwa mtu mpole, asiyependa kugombana kabla ya chakula cha mchana. Alimkumbusha kwamba kati ya wenyeji kumi wanaopewa zamu, wanne hawafiki, na kwamba Ijumaa bodi ingependa kuifuta orodha yao ili viti vyao viende kwa wageni wa mbali. Alihitaji ukurasa mmoja tu wenye saini ya Kokuteta. Watu wa hapa hawana haja na kreta, alisema, wameizoea.

Kokuteta alisema angependa kwanza kujua kwa nini hawaji. Hakusema hivyo kwa ushujaa. Alikuwa amechoka kutia saini mambo asiyoyajua.

Alichukua jina la kwanza kwenye orodha: Emiliana Margwe, miaka sitini na mitatu, mfuaji wa mashuka, Gwandari. Ombi lake lilitumwa miaka minne iliyopita. Mtambo ulikuwa umelisogeza mbele mara kumi na nne, kisha ukampa kiti namba ishirini na mbili. Ujumbe ulifunguliwa. Haukujibiwa.

Aliomba gari la ofisi akateremka mjini, mwendo wa nusu saa. Kila mgeni wa Endamaru alilala Gwandari usiku mmoja, basi mji mzima uliishi kwa kufua. Juu ya kila paa zilitandazwa kamba, na juu ya kamba mashuka meupe, na mvuke wa viwanda vya dobi ulitoka kwenye madirisha kama pumzi. Alishangaa kwamba miaka tisa hakuwahi kushuka hapo isipokuwa kupita.

Aliyemfungulia mlango alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, vidole vyake vimekunjamana kwa maji. Alijitambulisha kuwa ni Paskalina, bintiye Emiliana. Alikuwa ndiyo kwanza ametoka zamu ya usiku, na alidhani mgeni amekuja kulalamikia shuka. Kokuteta alipolitaja jina la mama yake, Paskalina akamkaribisha ndani.

Sebuleni alikaa mzee, miguu yake ndani ya beseni la maji ya moto.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama. Karibu. Samahani kwa hili beseni."

Huyo alikuwa Mzee Tluway, mume wa Emiliana. Paskalina ndiye aliyeeleza. Mama yake alifariki mwezi wa pili, kifua. Ujumbe wa kupewa zamu ulifika mwezi wa sita, ukiwa na picha ya faru na maneno ya kumpongeza.

Kokuteta alitoa pole. Kisha, kwa kuwa ndilo lililomleta, aliuliza kwa nini hawakujibu, ili kiti kipewe mwingine. Hakuuliza kwa ubaya. Paskalina aliinuka, akaleta simu ya marehemu, akamwonyesha ujumbe. Chini yake kulikuwa na vitufe viwili: *Nitakuja*, na *Niahirishie*.

"Sasa mimi ningebonyeza kipi?" Paskalina aliuliza.

Kokuteta alivitazama vile vitufe. Alikuwa amevichagulia rangi yeye mwenyewe.

Mzee Tluway alianza kusema taratibu, kama mtu anayemsimulia mwenzake wa kazini. Kabla ya majongoo yeye alikuwa dereva wa watalii. Miaka ishirini na sita alishuka kretani kila siku na kupanda kila jioni. Mkewe alifua mashuka ya watu walewale aliowapeleka, na jioni alimuuliza leo mmeona nini, naye alimwambia. Mara nyingi alimjibu kwa kifupi kwa sababu ya uchovu.

"Nimewapeleka watu wa nchi zote," alisema. "Yeye sikumpeleka. Kila siku gari halina nafasi. Nikamwambia ngoja nistaafu."

Alipokaribia kustaafu, sheria ikabadilika, gari lake likawa halishuki tena. Baada ya miaka kadhaa Emiliana akaomba kiti mwenyewe. Kila baada ya miezi mitatu minne ulikuja ujumbe kwamba ombi lake limesogezwa mbele. Mara ya kwanza alicheka. Alishona gauni la safari, akalivaa kwenye harusi mbili, likapauka.

"Kwa nini walilisogeza?" mzee aliuliza. "Hilo sikuelezwa."

Kokuteta alilijua jibu. Miaka tisa nyuma, mchana mmoja, aliandika kanuni kwamba viti vikipungua, anayetoka karibu angoje, kwa sababu anayetoka mbali ana tiketi ya ndege. Ilimchukua muda mfupi kuliko wa kula. Ilikuwa kanuni ya haki, na kila aliyeisoma aliikubali. Ila hakuna aliyeuambia mtambo kungoja kunaishia wapi. Kila viti vilipopungua, na vilipungua kila siku, Mgawazamu ulitafuta aliye karibu kuliko wote, na hakuna aliyekuwa karibu kuliko Gwandari.

Angeweza kusema ni mfumo. Neno hilo lilikuwa mdomoni tayari.

"Ni mimi, mzee," alisema. "Mimi ndiye niliyeandika kwamba watu wa hapa wangoje."

Maji ya beseni yalikuwa yamepoa, Mzee Tluway akatoa mguu mmoja, Paskalina akamwekea kitambaa.

"Ulidhani tunangoja tumekaa?" mzee aliuliza.

Hakupandisha sauti, na hakungoja jibu. Kokuteta alimwambia kwamba kila jongoo lina kiti cha mkaguzi, na kwamba angeweza kumpa chake kesho yake asubuhi. Mzee alitikisa kichwa. Alisema kule chini anajua kila jiwe.

"Nikienda, nitakwenda kumwonyesha nani?"

Kokuteta alipotoka, Paskalina alimsindikiza mpaka kwenye gari. Alimwambia asichukie, baba hana nia mbaya. Akaongeza, kama jambo la kawaida tu, kwamba yeye pia aliomba kiti, ana mwaka wa tatu sasa.

Kwa siku mbili zilizofuata Kokuteta alizunguka nyumba za wale wengine kumi na wanane. Watano zaidi walikuwa wamekufa. Wengine walihama, au waliugua, au walipewa taarifa ya siku mbili na kiwanda cha dobi hakikuwapa ruhusa. Mwanamke mmoja alisema hakwenda kwa sababu hamu ilishamtoka, ndiyo basi. Kokuteta aliandika yote. Usingizi wake, ambao haukuwa mzuri tangu zamani, ulizidi kuwa mbaya.

Ijumaa aliisomea bodi. Walimsikiliza kwa heshima, na alipofika kwa Emiliana mjumbe mmoja alivua miwani akaifuta. Walikwenda kunywa chai, wakarudi na uamuzi. Orodha ya wenyeji isingefutwa. Kanuni ya kungoja ingeangaliwa mwakani. Na kwa kuwa utu ni jambo la msingi, ujumbe wa Mgawazamu uongezewe kitufe cha tatu: *Amefariki*. Kwa njia hiyo familia haitasumbuliwa, na kiti kitarudi kwenye mgao mapema. Mkurugenzi Lwitiko alimpa mkono, akamwuliza kama kitufe kingeweza kuwa tayari Jumatatu.

Alikitengeneza Jumamosi asubuhi, peke yake ofisini. Ilichukua saa moja, pamoja na kuchagua rangi. Alichagua kijivu. Kisha aliifungua ile kanuni yake ya zamani. Ilikuwa mistari minne tu, na jina lake pembeni. Aliifuta. Mahali pake aliandika kwamba aliyengoja muda mrefu kuliko wote ndiye aanze, akatia jina lake na tarehe kama sheria inavyotaka, akaosha kikombe chake, akaenda kulala.

Kuanzia Jumatatu walinzi wa lango waliona mambo wasiyoyazoea. Watu walikuja kwa miguu, wamevaa nguo za kanisani na za Idi, wameshika vyakula ambavyo haviruhusiwi ndani. Mtu mmoja aliyengoja miaka saba alifika saa tisa usiku, kabla ya muda wake, akakataa kukaa. Katika siku tano wenyeji elfu mbili na mia tatu walishuka. Kwenye uwanja wa ndege wageni walikuwa wamelala juu ya mizigo yao, na hoteli zilipiga simu bila kukoma.

Siku ya sita Mkurugenzi Lwitiko alikuja mwenyewe. Macho yake yalikuwa mekundu. Alikaa kwenye kiti cha wageni akasema kwamba anamwelewa, na kwamba kama angekuwa yeye labda angefanya vilevile, ingawa wote wawili walijua asingefanya. Kufikia mchana kanuni ya zamani ilikuwa imerudishwa. Kokuteta alihamishiwa mjini, kitengo cha mizigo iliyopotea. Kitufe cha kijivu kilibaki. Juma lake la kwanza kilibonyezwa mara mia mbili na nane, na tangu hapo kila alfajiri viti vyote vilikuwa kijani.

Alikuwa anafunga vitabu vyake kwenye maboksi simu ilipoita. Alikuwa Paskalina. Alisema amesikia habari za uhamisho, akampa pole. Kisha akasema kwamba siku ya tano na yeye alipewa kiti.

Kokuteta alimwuliza ilikuwaje.

Paskalina alieleza kwamba alitoka kiwanda cha dobi saa nne, zamu yake ya jongoo ilikuwa saa tano, akawahi langoni mikono bado inanuka dawa ya kufulia. Alipata kiti cha dirishani. Kiti kilikuwa laini, na jongoo lilitikisika polepole kama mtu aliyembeba mtoto mgongoni. Wakati wanaanza kushuka aliona ukungu. Alipofumbua macho walikuwa wanapanda, na jirani yake alikuwa anawaonyesha wenzake picha.

"Sikuona kitu, dada," alisema. "Nililala safari nzima."

Kokuteta alitaka kusema pole, lakini Paskalina alikuwa anacheka, kicheko cha chini cha mtu asiyetaka kumwamsha aliyelala chumba cha pili.

"Baba nimemwambia nimeona faru wawili. Alifurahi, mpaka akaacha chai. Sasa kila siku ananiuliza, walikuwa upande gani wa ziwa, mkubwa alikuwa anafanya nini. Mimi nitajuaje? Ndiyo maana nimekupigia. Niambie kulikuwaje kule chini, nimweleze vizuri."

Kokuteta alikuwa ameshuka kretani zaidi ya mara mia tatu. Zote alikaa kwenye kiti cha mkaguzi, macho kwenye kioo, akihesabu sekunde kati ya jongoo na jongoo. Aliweka chini kitabu alichokishika, akakaa juu ya boksi, akaanza kumweleza Paskalina alichokikumbuka. Kilikuwa kidogo sana.