Usiinuke, Janelle

Ijumaa moja ya Kwaresima, Janelle Folz aliingia baa ya Mama Wessel, Mtaa wa Franklin, kuchukua samaki wake wa kukaanga. Alikuta watu wamejaa hadi mlangoni na hakuna hata mmoja anayekula. Sahani zilikuwa zimepoa mezani. Wote walikuwa wametazama juu, kwenye runinga iliyotundikwa ukutani, nyuso zimekazana kama za watu wanaongoja daktari atoke chumbani.

Timu ya Chuo cha Lindenau ilikuwa inafungwa. Chuo chenyewe kidogo, na hii ilikuwa mara ya pili tu kuingia mashindano ya mpira wa kikapu ya vyuo vya nchi nzima. Mashindano hayo hayana huruma. Ukifungwa mara moja tu, fungasha urudi kwenu. Walikuwa nyuma kwa pointi kumi na moja. Timu yao inaitwa Mabundi. Kwingine ndege huyo akilia juu ya paa watu hujifunika gubigubi, lakini katika mji huu wa Evansville wanamchora mashavuni mwa watoto wao.

Janelle alikuwa ametoka kazini, kwenye duka la magauni ya harusi alikokuwa fundi. Sketi yake nyeusi ilikuwa imegandwa na nyuzi nyeupe, na kimto cha pini kilikuwa bado kimefungwa mkononi.

"Dada, samahani, unaziba runinga," sauti ya mwanamume ilimwambia. "Kaa hapa. Kiti hiki hakina mwenyewe."

"Nangoja samaki tu, sikai."

"Samaki hana haraka, ameshakufa. Kaa."

Janelle akacheka, akakaa. Mwanamume mwenyewe alikuwa na mabega mapana, ndevu fupi za rangi ya shaba, na jezi ya manjano iliyopauka kwa miaka. Mikono yake ilikuwa na makovu ya mabati, kwa maana alikuwa fundi wa viyoyozi, kutwa yuko juu ya mapaa ya watu. Jina lake Curtis Raibley.

Hajatulia vizuri kitini, kijana mmoja wa Lindenau akatupa mpira kutoka mbali, pointi tatu. Wakapora mpira, wakafunga tena. Watu wa meza ile hawakushangilia. Walimgeukia Janelle mmoja mmoja, wakamtazama.

"Folz, samaki wako tayari," Mama Wessel aliita kutoka kaunta.

Janelle akataka kusimama.

"Usiinuke," Curtis alisema.

"Usiinuke," wakasema na wengine, kwa sauti ya chini. Wala hawakuwa wanatania.

Akakaa. Samaki akapoa, akalainika, akawa hafai. Lindenau ikashinda kwa pointi moja, na baa nzima ikaruka kama sufuria iliyofurika. Curtis alimbusu Janelle kwenye paji la uso kabla hajamjua jina.

"Unaitwa nani wewe?"

"Janelle. Na nina njaa."

"Janelle, keshokutwa Jumapili, saa nane mchana. Kiti hiki hiki."

"Na samaki wangu?"

"Nitakununulia mto mzima wa samaki. Nipe namba yako ya simu."

Siku ya pili yake simu ililia mapema.

"Mrembo, umelala salama?"

"Nimelala. Wewe nani?"

"Yule aliyekunyima samaki."

"Wako wengi walioninyima vitu. Taja jina."

Curtis akacheka, kicheko kizuri cha kifuani. Wakaongea mpaka chai ya Janelle ikapoa. Mwisho akamuuliza, "Kesho utavaa nini?"

"Unataka nivae nini?"

"Sketi ile ile. Na nyuzi zake zote."

Janelle alitabasamu peke yake jikoni. Nani asingetabasamu? Mwanamke akikumbukwa mpaka nyuzi za sketi yake, hudhani amekumbukwa yeye.

Jumapili wakashinda tena. Wiki iliyofuata Curtis alikuwa kwake karibu kila jioni. Alimtengenezea mashine ya kupasha nyumba joto iliyokuwa inakohoa tangu Januari, akamletea samaki wa moto na saladi ya viazi, wakala kwa mikono wakicheza muziki wa redio kati ya jiko na meza. Curtis alikuwa mtu mwema, hili lisemwe mapema. Hakunywa kupita kiasi, hakuinua sauti, na alipomshika Janelle kiunoni alimshika kama kioo cha dirisha.

"Ulikuwa wapi miaka yote hii?" alimwuliza.

"Mitaa mitatu kutoka hapo baa."

"Basi nimekuwa kipofu."

Jumatano Janelle alimpelekea Mama Wessel aproni alizompunguzia. Baa ilikuwa tupu. Mama Wessel, kibonge wa miaka sitini mwenye nywele za fedha zilizobanwa kwa kalamu, alizikunjua moja moja, akazisifu, kisha akaziweka kando.

"Mwanangu, kile kiti unachokalia," alisema mwishowe. "Miaka minne nyuma, Lindenau walipoingia mara ya kwanza, alikikalia msichana mmoja, Marcy. Yeye na Curtis walipendana kama nyie. Mechi ya kwanza wakashinda, ya pili wakafungwa."

"Akamwacha?"

"Hapana. Hata hakumgombeza. Alisahau tu kumpigia simu."

Janelle alirudi dukani, na mchana ule alijichoma kidole mara mbili. Jioni Curtis alipopiga, hakungoja salamu.

"Marcy ni nani?"

Upande wa pili ukasikika upepo. Bila shaka alikuwa juu ya paa.

"Alihamia Terre Haute."

"Kabla ya kufungwa, au baada?"

"Mpenzi, hizo ni porojo za baa. Mama Wessel akikosa wateja hupika maneno. Ijumaa utakuja, sivyo?"

Hakuuliza kama Janelle ameumia. Aliuliza Ijumaa.

Ijumaa saa ya mechi ilipofika, Janelle alibaki dukani makusudi. Alikuwa anapindisha pindo la gauni, magoti yamezama kwenye kitambaa cheupe, na simu ikawa inatetemeka chini ya lesi kama panya aliyenaswa. Akahesabu. Curtis alipiga mara kumi na moja. Ya kumi na mbili akapokea.

"Janelle." Sauti ilikuwa imekwisha. "Tuko nyuma kwa tisa. Nakuomba. Nakuomba, mama."

Hakuwahi kusikia mwanamume akiomba hivyo. Mtu huomba hivyo akiwa amening'inia mahali. Akavaa koti, akaenda mbio. Alipoingia baani watu walimpisha njia, kama anavyopishwa kasisi aliyeitwa kwa mgonjwa. Kiti kilikuwa kitupu. Akakaa. Baada ya dakika ishirini Lindenau ilikuwa imeshinda, na Curtis alikuwa amemkumbatia nje kwenye manyunyu, mikono yake baridi.

"Nilidhani nimekupoteza," alisema.

"Umenipoteza mimi, au mechi?"

Curtis akamtazama kwa macho meupe yasiyo na hila. "Si vinakwenda pamoja?"

Janelle alihisi kitu kigumu kwenye mfuko wa koti la Curtis, kiboksi kidogo cha pembe nne, kama cha pete. Moyo ukamlipuka, halafu ukanyamaza.

"Jumapili tukishinda," Curtis alimnong'oneza sikioni, "kuna jambo nitakuuliza."

"Na tukifungwa?"

Akamwekea kidole mdomoni. "Usilitaje hilo."

Basi Janelle akaenda nyumbani na swali lake bila jibu. Usiku kucha hakutafuta lingine. Alitaka kujua kitu kimoja tu: je, mtu huyu anampenda yeye, au anampenda aliyekaa kwenye kile kiti?

Jumapili kulipambazuka na joto lisilo la Machi. Upepo ulitoka kusini, mzito, unanuka matope ya mto. Ndege hawakulia. Kufika saa tisa mchana mbingu ya magharibi ilikuwa na rangi ya chubuko la siku tatu, kijani kibichi kikipakana na manjano. Curtis, anayejua mawingu kuliko watu wengi, alisimama kidogo mlangoni akayatazama, halafu akaingia na kufunga mlango.

"Vipi?" Janelle alimwuliza.

"Mvua tu. Kaa, mpenzi."

Mechi ilikuwa inachezwa Detroit, ndani ya ukumbi ambamo hakuna anayejua kama nje kuna jua au mvua. Mshindi angeingia timu nne za mwisho. Lindenau walikuwa mbele kwa pointi moja, wakarudi nyuma, wakawa mbele tena. Zilibaki dakika tatu na nusu simu zote baani zilipolia kwa pamoja, mlio ule mbaya wa hatari. Nje, king'ora cha mji kikaanza kupanda.

"Haya, wote chini," Mama Wessel alisema. Alikuwa ameshafungua mlango wa stoo ya chini, tochi mkononi. "Kimbunga kimeshagusa ardhi ng'ambo ya barabara kuu. Sitaki mashujaa ndani ya nyumba yangu. Chini."

Watu waligunaguna. Mjini humo king'ora kikilia, wanaume wengi hutoka barazani na bia mkononi kutazama wingu. Lakini safari hii taa zilififia mara mbili, na mmoja mmoja wakaanza kushuka, shingo zimegeukia runinga.

Janelle akasimama. Curtis akamshika mkono.

"Dakika tatu tu."

"Curtis, king'ora."

"Kinalia kila mwaka. Kaa. Tuko mbele kwa mbili."

"Twende wote. Niko hapa, si ndiyo? Nikikaa kule chini na wewe, bado niko na wewe."

"Siyo hivyo inavyokwenda. Unajua siyo hivyo."

Janelle akautazama mkono uliomshika. Haukumwumiza, haukuwahi kumwumiza. Ila macho ya mwenye mkono hayakuwa kwake, yalikuwa yamebaki juu ukutani, yanang'aa bluu.

"Nitazame," alisema.

"Mpira wa pembeni huu, ngoja kidogo."

"Curtis. Nitazame mara moja, kisha nitakaa."

Hakumtazama. Janelle akauchomoa mkono wake taratibu, kidole kwa kidole, akashuka.

Chini kulikuwa na mapipa ya bia na harufu ya saruji mbichi. Walikuwa kama watu thelathini, wamebanana ukutani. Mzee mmoja mwenye redio ndogo aliizungusha kutafuta mechi, Mama Wessel akamnyang'anya, akaweka habari za hali ya hewa. Taa zikazimika. Kisha masikio yakaziba, kama mtu aliyezama majini, na juu ya vichwa vyao kukapita mngurumo, kama kokoto zinazomwagwa kwenye pipa lisilo na mwisho. Vioo vikapasuka. Kitu kizito kikaburutwa sakafuni juu yao, kikagonga, kikaburutwa tena.

"Nani amebaki huko?" sauti ya mwanamke iliuliza gizani.



Janelle alikuwa ameketi hatua mbili kutoka kwenye ngazi, shingo imeinuka, anasikiliza nyayo. Nyayo tu ndizo alizozitaka, hata chache zingetosha. Hata angeshuka akiwa amechelewa, hata akiwa amebeba runinga begani. Alisubiri mpaka mngurumo ukapungua, ukawa mvua, na mvua nayo ikawa matone. Nyayo hazikuja.

Alimlilia kimyakimya, akijua amekufa.

Kisha mlango wa juu ukafunguliwa na mwanga wa simu ukashuka ngazi ukicheza ukutani. Curtis alikuwa mzima. Vipande vya kioo vilimeta nyweleni mwake, damu kidogo kwenye sikio, na uso wake ulikuwa umechanua kama wa bwana harusi.

"Tumeshinda," alisema. "Umeme ulikatika nikaipata kwenye simu. Pointi moja. Janelle, tumeshinda. Nilikiwekea mkono kiti chako mpaka mwisho, kisipoe."

Watu wakalipuka. Wengine walicheka, wengine walilia, mzee wa redio akamkumbatia Mama Wessel. Na katikati ya kelele ile Curtis akapiga goti kwenye ngazi ya mwisho, akatoa kiboksi mfukoni, akakifungua. Kijiwe kikaukamata mwanga wa simu.

"Nilikuambia nina jambo. Janelle Folz, utakubali kuwa mke wangu?"

 Janelle akasimama. Machozi yalikuwa bado yanamtiririka, na wote wakadhani ni ya furaha.

"Kimbunga kilipopita," alimwuliza kwa upole, "ulikuwa unafikiria nini?"

Curtis angeweza kusema uongo. Mwanamume mwingine angesema, na pengine angeoa. Lakini yeye alikuwa mkweli, na alifikiri kidogo kabla ya kujibu.

"Wapinzani walikuwa na mitupo miwili ya adhabu," alisema. "Ya kwanza iliingia."

"Ahsante kwa kuniambia kweli. Basi jibu langu ni hapana."

"Kwa sababu ya dakika tatu?"

"Mimi nilikuwa nimeshakuzika, Curtis. Nilikaa pale chini nikakuzika, na wewe ulikuwa unashika kiti."

Akampita pale ngazini, sketi yake ikimgusa bega, akaanza kupanda. Juu palikuwa na mwanga mwingi kupita kiasi, kwa kuwa ukuta wa mbele haukuwepo tena. Nje watu walikuwa wamesimama barabarani wakitazama pale palipokuwa na paa la duka la dobi jirani.

"Janelle," Curtis aliita nyuma yake. Sauti ilikuwa ile ile ya Ijumaa, ya mtu aliyening'inia. Janelle akasimama. Kwa kweli alisimama, na mguu mmoja ulikuwa tayari umegeuka.

"Sawa, pete tuiweke kando, nimekuelewa," Curtis alisema. "Lakini mechi ya Jumamosi je? Jumamosi utakuja kukaa?"

Janelle akavuka matofali yaliyolala mlangoni, akashika njia ya kwao.